Kabla Hujanunua Kopo la Kolajeni

Mwenye duka la vipodozi mjini Moshi anayekuuzia kopo la unga wa kolajeni, na mama anayekuuzia bakuli la supu ya makongoro alfajiri jirani na stendi, wanauza kitu kimoja. Cha dukani kimetoka kiwandani, kimekatwakatwa kwa vimeng'enya, kimekaushwa na kutiwa ladha ya matunda. Cha bakulini kimelala juu ya mkaa usiku kucha. Bei hazikaribiani. Ahadi nazo ni mbalimbali: kopo linaahidi ngozi ya msichana, bakuli linaahidi ute wa magoti. Mwongozo huu ni wa mtu aliye kati ya hao wawili, mwenye hela isiyo nyingi, na goti linaloleta ubishi kila anaposhuka mteremko, au ngozi iliyoanza kulegea mashavuni.

Nianze na msimamo wangu, uukatae mapema kama huutaki. Sehemu kubwa ya kolajeni ya mwili wako haitoki dukani wala bakulini. Unaitengeneza mwenyewe kutokana na chakula cha kila siku. Kwa hiyo kwanza acha kuiharibu uliyo nayo, kisha ule vitu ambavyo mwili unavihitaji ili uitengeneze, na kopo lije mwisho kabisa, kama hela imebaki.

Kazi yake mwilini

Kolajeni ni protini, na katika protini zote ulizo nazo, karibu theluthi moja ni yenyewe. Watafiti wamekwisha kuitambua katika aina 28, lakini aina ya kwanza peke yake inakaribia asilimia 90 ya yote: ndiyo inayoipa ngozi uimara, ndiyo iliyojaa kwenye kano zinazoshika misuli kwenye mifupa, na ndiyo kiunzi cha mfupa wenyewe. Aina ya pili iko kwenye gegedu, ule utando mlaini unaofunika ncha za mifupa ndani ya maungio. Aina ya tatu utaikuta kwenye kuta za mishipa ya damu na kwenye kidonda kinachoanza kufunga.

Wengi tunadhani mfupa ni madini matupu. Chukua mfupa mwembamba wa kuku, uloweke kwenye siki kwa siku kadhaa. Siki itayeyusha madini, na utakachobaki nacho mkononi kinapindika bila kuvunjika. Hiyo ndiyo kolajeni. Madini huupa mfupa ugumu. Kolajeni huuzuia usivunjike kwa kila kishindo.

Umbo lake liligunduliwa na G. N. Ramachandran na Gopinath Kartha huko Madras, India, miaka ya 1954 na 1955: ni nyuzi tatu zilizosokotana. Mtu wa kihambani, penye migomba, haoni ajabu hapo, maana kamba ya mgomba anaijua. Ukanda mmoja wa gome kavu unakatika kwa kuvutwa kidogo, ila zikisokotwa tatu zinafunga mzigo wa majani ya ng'ombe hadi nyumbani. Kinachozifanya nyuzi za kolajeni zisifumuke ni vitamini C. Bila hiyo mwili bado unatoa nyuzi, lakini haziwezi kushikana sawasawa katika joto la mwili.

Ndiyo maana mabaharia wa zamani, waliokaa miezi baharini bila tunda wala mboga, walivuja damu kwenye fizi, meno yakalegea, na hata makovu ya zamani yakafunguka upya. Ugonjwa huo ni kiseyeye. Mwaka 1747, daktari wa meli James Lind aliwagawa mabaharia 12 wagonjwa wawili wawili ndani ya meli Salisbury ya jeshi la majini la Uingereza, kila wawili akawapa tiba yao. Waliopewa machungwa na malimau ndio waliopata nafuu upesi kuliko wenzao. Hakuna aliyewapa kolajeni. Walipewa kitu ambacho miili yao ilikikosa ili itengeneze ya kwao, na somo hilo limetimiza zaidi ya miaka 270 bila kuchakaa.

Sasa swali ambalo kila mnunuzi analo: nikiila, inafika gotini? Tumbo na utumbo huikata kolajeni kama zinavyokata protini yoyote, ikawa asidi za amino na vipande vidogo vidogo. Baadhi ya vipande hivyo hupita vizima na kuonekana kwenye damu, na huenda vikawaamsha wajenzi wa ngozi na kano wafanye kazi. Kwa hiyo anayekuambia unga unakwenda moja kwa moja usoni anakudanganya. Na anayesema kula kolajeni hakuna tofauti yoyote na kula yai, naye amekata shauri mapema kidogo.

Acha kuiharibu

Ngozi ya mtu mzima hupoteza takriban asilimia 1 ya kolajeni yake kila mwaka, na hilo halina dawa. Kwa mwanamke aliyekoma hedhi kasi huongezeka: katika miaka 5 ya mwanzo anaweza kupoteza karibu asilimia 30 ya kolajeni ya ngozi, na mifupa nayo hupungua uzito wakati huohuo. Huo ni umri. Kuna uharibifu mwingine ambao tunajifanyia wenyewe.

Jua ndilo la kwanza. Moshi iko takriban nyuzi 3 tu kusini mwa Ikweta, na kadiri unavyopanda mlima Kilimanjaro ndivyo hewa inavyokuwa nyepesi na mionzi inavyokuwa mikali, yapata asilimia 10 kwa kila mita 1,000. Mawingu ya Marangu na Kibosho hudanganya. Ubaridi unaousikia hauzuii mionzi. Mionzi hiyo hupenya ngozini na kuamsha vimeng'enya vinavyokata nyuzi za kolajeni. Ngozi nyeusi ina kinga yake ya asili, na ndiyo maana bibi zetu wa miaka 70 wana mashavu ambayo Wazungu wa miaka 50 wanayaonea wivu, lakini kinga hiyo haijafunga mlango wote. Anayevuna mahindi huko tambarare kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 10 jioni avae kofia ya ukingo mpana na shati la mikono mirefu. Khanga kichwani inafaa kwa utosi. Uso inauacha wazi.

Kwa mtu mwenye ualbino hili si suala la mikunjo, ni suala la saratani. Hapa Moshi tuna bahati ambayo mikoa mingi haina: Kituo cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi kilichoanzishwa katika hospitali ya KCMC mwaka 1992, na kitengo chake kinachotengeneza mafuta ya kukinga jua ya Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino. Kama una mtoto, ndugu au jirani anayeyahitaji, mpeleke akaandikishwe. Hilo litamlinda kuliko kopo lolote.

La pili ni mkorogo. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nimeona kolajeni na krimu za kung'arisha zikipangwa kwenye rafu moja, na mteja akiondoka na vyote viwili. Krimu nyingi za kuchanganya zina steroidi kali, hasa klobetasoli. Hospitalini dawa hiyo ina kazi yake, kwa muda mfupi na kwa kipimo. Ukijipaka miezi na miaka, inazuia ngozi isitengeneze kolajeni. Ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana usoni, michirizi inatokea mapajani na kwapani, jeraha dogo linakataa kupona. Nyingine zina haidrokwinoni au zebaki, vitu vilivyopigwa marufuku kwenye vipodozi nchini. Tangu 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango, TBS, kwa hiyo kopo lisilo na jina la mtengenezaji wala tarehe lina mahali pa kuripotiwa. Mtu anayejipaka mkorogo usiku na kunywa kolajeni asubuhi anamwaga maji kwenye ndoo aliyoitoboa mwenyewe. Ila kama umeutumia muda mrefu, usiukate ghafla kwa siku moja. Ngozi inaweza kuwaka na kuvimba vibaya. Nenda kliniki ya ngozi wakupunguzie kwa utaratibu, na usione aibu, si wewe wa kwanza.

Sigara hupunguza utengenezaji wa kolajeni na kuibana mishipa inayoilisha ngozi. Sukari iliyozidi kwenye damu kwa muda mrefu hujishikiza kwenye nyuzi zake zikawa kavu na ngumu. Mwenye kisukari anayedhibiti sukari yake analinda na ngozi yake pia.

Ulishe mwili

Protini kwanza. Si lazima iwe nyama. Makande ya mahindi na maharage, maziwa ya ng'ombe wa zizini, mayai, dagaa wa soko la Mbuyuni, vyote hivi vinakatwa tumboni kuwa malighafi ambayo mwili unaitumia kujenga kolajeni yake. Asiyekula nyama hana upungufu wa kolajeni kwa sababu hiyo tu.

Kisha vitamini C, na hapa watu wa mlimani tunakosea kwa kudharau tulicho nacho. Gramu 100 za pera zina miligramu zaidi ya 200 za vitamini C, wakati mtu mzima anahitaji kati ya 45 na 90 kwa siku, kutegemea ni kipimo cha nani unachofuata. Chungwa lina kama 50 kwa uzito uleule, papai kama 60. Mapera yanaoza chini ya miti kandokando ya mifongo, mifereji yetu ya maji, tunawaachia watoto na ndege, halafu tunakwenda mjini kununua vidonge vya vitamini C. Kula pera moja au mawili na maganda yake, umemaliza kazi ya siku hiyo.

Mboga za majani zinayo pia, mnafu na mchicha zikiwemo, ila zikichemshwa nusu saa na maji yakamwagwa, vitamini nyingi imekwenda na maji. Zipike haraka, maji kidogo. Na magadi yakae mbali. Najua ladha ya kiburu, ndizi na maharage, bila magadi haikamiliki kwa wengine, lakini magadi huua vitamini C, na magadi ya kanda hii mara nyingi yana floridi nyingi. Floridi ikizidi huyaharibu meno ya watoto yakawa ya kahawia. Ikizidi sana hugusa na mifupa. Ukanda wa chini wa Hai, pamoja na upande wa Arumeru, una visima ambavyo maji yake yenyewe yana floridi iliyopita kiasi. Kwa hiyo mtoto wa huko mwenye miguu iliyopinda asinunuliwe kolajeni. Apelekwe hospitali, na maji yake yaangaliwe.

Mzazi wa Kichagga hulishwa mtori, na ni desturi nzuri: ndizi mshare, nyama yenye mfupa, siagi au maziwa. Anapata nguvu, protini na mchuzi mzito anapouhitaji. Upungufu wake ni mmoja, kwamba baada ya kuchemka muda mrefu jikoni vitamini C imebaki kidogo. Mama mkwe akileta sufuria ya mtori, wewe ongeza kipande cha papai au chungwa pembeni. Mwili wa mzazi una kidonda cha kufunga, hasa aliyejifungua kwa upasuaji, na kidonda hufungwa kwa kolajeni mpya.

Makongoro, na namna ya kuyapika

Sasa supu yenyewe. Naipenda, na nisingependa mtu aniambie niiache, ila nataka tuipike vizuri na tujue inatupa nini.

Nunua bucha inayouza nyama yenye muhuri wa mkaguzi. Mwambie muuzaji atoe kwato na akupasulie kwa shoka, maana kisu cha nyumbani hakitaweza. Nusa kabla hujalipa: kongoro linatakiwa liwe na harufu ya manyoya yaliyobabuliwa kwa moto wa kuni. Ukisikia harufu ya mpira au plastiki iliyoungua, achana nalo, uende kwa mwingine.

Nyumbani paruza mabaki ya manyoya, osha kwa maji ya moto, kisha chemsha kama dakika 15 na umwage maji hayo yenye povu. Weka maji mapya, tangawizi iliyopondwa, kitunguu saumu na kitunguu maji. Chumvi ingoje mwisho, na iwe kidogo. Punguza moto mpaka sufuria iwe inatokota polepole. Kolajeni ya ngozi na kano inaanza kulegea ikikaa muda mrefu kwenye joto la nyuzi 70 hivi, inageuka kuwa jelatini na kuyeyuka ndani ya mchuzi, kwa hiyo kinachohitajika ni muda kuliko moto mkali.

Muda gani? Hapo mlima una neno lake. Maji ya Dar es Salaam yanachemka kwenye nyuzi 100. Moshi mjini, kwenye mwinuko wa mita 800 na zaidi, yanachemka kwenye nyuzi 97 hivi, na ukifika vijiji vya juu vya Marangu ni kama 95. Dada yako wa Temeke akikwambia makongoro yake yameiva kwa saa 4, usimshangae, na usidhani umeuziwa ng'ombe mzee. Wewe weka saa 5 au 6. Mwenye sufuria ya presha anaruka mtihani huo wote na kumaliza kwa saa moja na nusu au mbili, huku mkaa ukibaki.

Ikiiva, iache ipoe. Mafuta yatapanda juu na kuganda. Yaondoe yote kama una presha au lehemu iliyopanda, mengi kama huna. Chini yake mchuzi ukiganda na kutetemeka sufuriani, ujue jelatini ipo ya kutosha. Ukibaki majimaji, ulizidisha maji au uliwahi kuipua. Usiuache mchuzi huo mezani usiku kucha kwenye joto la tambarare, maana bakteria wanaupenda kuliko sisi. Ndani ya saa mbili uwe umewekwa kwenye friji, na ukiupasha moto, uchemke kabisa. Pale juu penye baridi watu huwa wazembe kwa hili na tumbo huwahukumu.

Kamulia ndimu bakulini, si sufuriani, ili vitamini C yake isiungue. Na kula ngozi na kano zenyewe, usinywe mchuzi tu halafu ukamwachia mbwa vilivyobaki. Kolajeni nyingi bado iko humo.

Mara moja au mbili kwa wiki inatosha. Lakini usiihesabu kuwa ndiyo nyama ya siku hiyo. Kolajeni haina triptofani, asidi ya amino ambayo mwili hauwezi kujitengenezea, hivyo peke yake si protini kamili. Bakuli la makongoro na chapati mbili havitoshi mlo wa mtoto anayekua. Ongeza yai au maharage. Mwenye jongo awe na kiasi na supu za nyama, na awe na kiasi zaidi na kinachotangulia supu: wale wa Jumapili asubuhi wanaokwenda kuzimua wanalaumu nyama, kumbe pombe ya jana yake imechangia vilevile. Mwenye ugonjwa wa figo amuulize daktari wake kwanza.

Asiyependa makongoro ana miguu ya kuku, ngozi ya kuku, au perege wa bwawa la Nyumba ya Mungu akipikwa na ngozi yake na kichwa chake.

Ute wa magoti

Hakuna mzee wa Uru au Rombo ambaye hajaambiwa kwamba ute wa magoti yake umekwisha. Ataambiwa anywe supu ya kongoro. Akikosa kongoro, anywe maji yaliyolowekwa bamia, kwa sababu bamia nayo ina utelezi. Mantiki yake inaeleweka haraka na ndiyo maana imeenea, lakini utelezi wa bamia unaishia tumboni. Ute wa goti hutengenezwa na utando wa ndani ya ungio lenyewe, kutokana na majimaji ya damu, na hauongezeki kwa kunywa kitu kinachoteleza.

Linalotokea kwenye goti la mzee kwa kawaida ni kulika kwa gegedu. Na kolajeni ya gegedu, mtu akishakuwa mzima, karibu haibadilishwi tena maisha yake yote. Iliyolika haijengwi upya na supu, wala unga. Kinachoweza kupungua ni maumivu, na kinachoweza kuongezeka ni nguvu ya misuli inayolibeba goti hilo.

Mzigo ndio adui mkubwa wa magoti ya hapa. Mama anayekata majani tambarare na kuyapandisha kichwani hadi kwa ng'ombe wa zizini. Mpagazi anayetoka kambi za juu: njia ya Mweka inamteremsha karibu mita 3,000 kutoka huko hadi lango la chini, kwa siku mbili. Kanuni ya hifadhi inasema mzigo anaobebeshwa usizidi kilo 20, na mpagazi anayekubali kuzidishiwa kwa ajili ya ziada kidogo analipa kwa magoti. Kuteremka huumiza kuliko kupanda, kwa sababu msuli wa paja unalazimika kuuzuia mwili usianguke huku goti likiwa limekunjwa. Tumia fimbo, mbili kama unazo. Piga hatua fupi. Mzigo wa majani ugawe safari mbili kama huna punda wala toroli.

Mwenye uzito mkubwa apunguze. Utafiti uliofanywa kwa wazee wenye magoti yaliyolika ulionyesha kwamba kila kilo moja inayopungua huliondolea goti mzigo wa kama kilo 4 kwa kila hatua. Halafu imarisha mapaja: kaa kwenye kiti kigumu, simama bila kujishika, kaa tena polepole, mara 10, pumzika, rudia mara mbili nyingine. Fanya hivyo siku tatu au nne kwa wiki. Kano na misuli hujengeka zinapotumiwa. Kukaa kitako kwa sababu goti linauma huzidi kulidhoofisha.

Kuna jaribio dogo la mwaka 2017 ambalo linanivutia. Vijana 8 walipewa jelatini yenye vitamini C saa moja kabla ya kuruka kamba kwa dakika chache. Waliopewa gramu 15, dalili za utengenezaji wa kolajeni kwenye damu yao ziliongezeka maradufu kuliko waliopewa kinywaji kisicho na kitu. Watu 8 ni wachache mno wa kujengea hoja nzito. Ila kama supu utainywa tu, hakuna hasara kuinywa na ndimu saa moja kabla ya mazoezi, badala ya saa moja kabla ya kulala.

Na usiishi kwa vidonge vya diklofenaki vya duka la dawa. Siku mbili tatu sawa. Miezi mfululizo huchubua tumbo na kuumiza figo. Goti likivimba ghafla na kuwa la moto, ukipata homa pamoja na maumivu, goti likinasa lisinyooke, au maumivu yakikuamsha usiku, usimwendee muuza supu wala muuza kopo. Nenda Mawenzi au KCMC, au hospitali iliyo karibu nawe, iwe Kibosho, Machame, Kilema au Huruma.

Kama bado unalitaka kopo

Basi tulisome pamoja. Krimu za kolajeni ziache: molekuli yake ni kubwa mno, haipiti ngozini, inakaa juu na kuzuia unyevu usipotee, kazi ambayo mafuta ya mgando yanaifanya kwa bei ya chini zaidi.

Unga wa kunywa una ushahidi wa namna fulani. Majaribio mengi ya gramu 2.5 hadi 10 kwa siku, kwa wiki 8 hadi 12 au zaidi, yameonyesha ngozi kupata unyevu na mnyumbuko kidogo, na mengine maumivu ya goti kupungua kidogo. Lakini uchambuzi uliochapishwa mwaka 2025, uliokusanya majaribio 23 ya ngozi, ulipotenga yale ambayo hayakulipiwa na kampuni za dawa na virutubisho, faida hiyo haikuonekana. Nyuma zaidi, mwaka 2011, mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya ilikataa dai kwamba unga huo hulinda viungo, ikisema uhusiano haujathibitishwa. Mimi kwa hayo mawili nisingekopa hela kuununua.

Ukiamua, tafuta gramu, usihangaike na picha ya mrembo. Kopo liseme wazi kila kijiko kina gramu ngapi za kolajeni. Pipi na vidonge vingi vina gramu moja au pungufu, na hapo ungehitaji kumeza konzi nzima. Gawanya bei kwa idadi ya gramu ndipo ulinganishe makopo mawili. Angalia imetokana na mnyama gani: ng'ombe, samaki au nguruwe. Mwislamu na Msabato wasinunue kopo lisilotaja asili yake, na mwenye mzio wa samaki awe macho na vile vya samaki. Likiwa limechanganywa na glutathioni na kuahidi weupe, lirudishe, hiyo ni biashara nyingine. Mjamzito hana sababu ya kulinunua.

Andika tarehe uliyoanza kwenye kopo lenyewe. Pima kwa jambo moja tu: kwa mfano, ngazi za kanisani au msikitini unazipanda kwa shida kiasi gani leo. Usibadilishe kingine kwa wakati huo, maana ukianza na mazoezi siku hiyohiyo, hutajua ni nani aliyekusaidia. Wiki ya 12 ikifika na ngazi ni zilezile, usinunue la pili.